Mwanamieleka Alipolia

Jumamosi mchana niliingia kwenye banda la video pale Nyamisangura. Ilikuwa sinema ya uhalifu, na polisi aliigizwa na mwanamieleka wa zamani mwenye shingo kama ya fahali. Mzee mmoja mbele yangu alimshangilia kila alipokamata jambazi: "Mnyanyue! Mbwage!"

Kisha polisi akagundua kwamba mkuu wa majambazi ni mdogo wake. Akamfunga pingu huku analia.

Mzee akavua kofia. "Hata mimi nilimpeleka mdogo wangu polisi," akasema bila kumtazama mtu. "Aliiba ng'ombe wa jirani. Ametoka jela mwaka wa pili huu, hatujasalimiana."

Mama aliyekaa kando yake akamuuliza, "Sasa unangoja nini, mzee wangu?"

Mzee akapiga simu palepale. Aliongea Kikurya, kwanza polepole, halafu kwa sauti ya kushindana na spika, mpaka mwenye banda akazima sinema. Hatimaye mzee akacheka. "Anasema niende kwake Itiryo leo hii, ila nisiende bila nyama!"

Tukampigia makofi akitoka. Wanaosema sinema hizi zinafundisha ujambazi tu, siku hiyo hawakuwepo.