Matanga ya Mtu Niliyemtunga

Watu wa Milola waliwahi kukaa matanga ya mtu niliyemtunga mimi, kichwani mwangu, nikiwa Lindi.

Msinicheke. Nina miaka tisini na ushei, na haya naandika kwa kidole changu mwenyewe, sikumwomba mjukuu.

Enzi za Mwingereza nilikuwa kijana. Mchana napima korosho ghalani, jioni nipo shule ya usiku. Kiswahili sanifu nilikivaa kama kanzu ya Idi.

Nikaandika hadithi fupi. Mhindi mmoja aliyekuwa akichapa kadi za harusi akanitolea vijitabu. Mwandishi mimi, mchuuzi mimi.

Jumamosi natandika jamvi njia panda ya Mingoyo, nanadi: "Manamba wa Milola aliyefia Tanga! Soma ulie!"

Viligombewa.

Siri yangu ilikuwa moja. Nilisimulia kama shahidi. Niliandika: "Yahya Kondo nilimfukia kwa mikono yangu hii." Jina lenyewe nililiokota tu. Lilikuwa tamu mdomoni.

Siku moja dereva wa lori akanishtua.

"Maftaha, Milola kuna msiba. Wanasema maiti ni yako."

Mbio hadi Milola.

Nikakuta jamvi limejaa watu. Kumbe Yahya Kondo ni mtu wa kweli, mzaliwa wa pale pale! Alichukuliwa manamba, kibarua wa mkataba, na wakala wa mashamba ya mkonge ya Tanga, miaka ikapita, kimya. Mtu akawasomea wenzake kijitabu changu barazani, mama yake akasikia.

Mama huyo, Bi Mwahija, akaishika mikono yangu yote miwili, akaibusu.

"Ndiyo hii iliyomzika mwanangu?"

"Shikamoo mama. Mama, yule si mwanao. Nimemtunga."

"Marahaba. Umemtungaje na jina lake unalo?"

Mjomba mmoja akadakia: "Kilichopigwa chapa kiwe uongo? Basi twende bomani tukawaambie na kodi ni hadithi!"

Watu wakacheka kwa machozi.

Nikaapa. Nikalia. Wakasema maskini, bado ana uchungu wa rafiki yake. Wakaniletea ubwabwa.

Pembeni mke wa Yahya, Samia, kajitanda kaniki, ameshaingia eda. Nikamwambia, "Dada, usiniamini mimi wa kitabuni. Niamini mimi huyu."

Akasema, "Kaka, yule wa kitabuni alinipa jibu. Wewe unanipa nini?"

Nikarudi Lindi.

Eda ikaisha. Samia akaolewa huko Mchinga, akapata mtoto.

Basi, Jumamosi moja nipo jamvini Mingoyo. Lori likashusha mtu mkavu, mikono imechanwachanwa na miiba ya mkonge. Akachuchumaa mbele yangu.

"Ndugu, sijui kusoma. Wananiambia nimo humu. Nisomee."

Nikamsomea.

"Kwa hiyo nilikufa kwa homa?"

"Ndiyo."

"Nani alinizika?"

"Mimi."

"Ulinizika vizuri. Ulinisomea hata Yasini."

Nikamwambia, "Twende Milola sasa hivi! Mama yako yupo hai!"

"Na Samia?"

Nikamweleza ya Mchinga. Na ya mtoto.

Akachorachora mchanga kwa kidole.

"Nikitokea, mtoto yule ataitwa nani? Na Samia atakuwa mke wa nani? Kanisubiri, sikuleta hata salamu. Acha."

"Mama je?"

"Mama hajui kunyamaza. Mara ya kwanza ulinizika hunijui. Nizike tena, sasa unanijua."

Akachukua kijitabu, akapanda lori lililokuwa likirudi alikotoka. Nililikimbilia. Vumbi tu.

Vijitabu vilivyobaki nikavichoma moto. Vilivyouzwa sikuwa na la kuvifanya.

Na Bi Mwahija? Kila Idi alinitumia kikapu cha mchele, mpaka alipofariki. "Mpelekeeni aliyemzika mwanangu." Niliwahi kukirudisha. Akaja nacho mwenyewe, kwa miguu, akidhani amenikosea.

Nikala. Ningefanyaje?

Ninyi mnaoandika humu simuni na kuuza hadithi zenu, someni, andikeni, uzeni. Ila ukitunga mtu wa kufa, mpe jina ambalo hakuna mama aliyewahi kuliita. Kama hulipati, mwache aishi.