Sacco Moja na Baba

Leo baba amekubali kuwa mimi ni mtoto wake. Hakuniambia mimi. Amemwambia karani wa Sacco.

Iko hivi. Nilitaka kujiunga na Sacco, chama cha akiba na mikopo, ya wanajeshi huko nyumbani Kenya. Raia hawaingii, ila mtoto wa mwanajeshi anaruhusiwa, na baba alistaafu jeshini.

Saluni yetu hapa mtaa wa Hail, Maskati, ilipofungwa kwa mapumziko ya mchana, nikaketi kwenye ngazi, nikawapigia.

Karani, dada mpole, akaniuliza, "Namba ya baba ya jeshi unaijua?"

Jamani! Nikaitaja bila kupumua. Imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye sanduku lake la bati, lile nililokuwa nikienda nalo shule ya bweni. (Watoto wa kambini mnanielewa.)

Akacheka. "Sasa nipe ya simu, athibitishe."

"Hiyo sina."

Mama alipofariki baba akaoa, akabadilisha laini. Mpya hakunipa.

"Usijali, tunayo kwenye faili. Subiri nimpigie."

Jua la Maskati likanichoma, sikusogea.

Akarudi. "Mzee amekubali! Amesema wewe ni kifungua mimba wake. Karibu sana."

"Ameuliza niko wapi?"

"Hapana, dada."

"Basi nipe namba yake."

"Pole. Haturuhusiwi kupeana namba ya mwanachama."

Khalas, yameisha. Mimi na baba tuko Sacco moja sasa.

Mtu akimwona kwenye mkutano wa wanachama, tafadhali amwambie niko Maskati.