Mji wa Gia ya Kwanza

Watu wa bondeni wanasema mji wetu ni wa kulala. Wanauona kwa mbali, nyumba zimejipanga chini ya milima, hakuna kiwanda wala ghorofa la maana, basi wameshahukumu. Mimi siwajibu. Nawaambia tu waje na magari yao tuone nani atalala. Barabara zetu zimesimama wima, na mgeni akifika kona ya tatu kutoka maktaba huanza kumkumbuka Mungu wake.

Aliyetufundisha kuzipanda ni shangazi yangu, ambaye mji mzima unamwita Klachi. Ni mwanamke mfupi, hana subira na watu ila ana subira na injini, na nusu ya madereva wa hapa wamepita mikononi mwake. Hamkabidhi mtu usukani kabla hajatembea naye mji mzima kwa miguu, kutoka chini hadi juu. "Mguu usioujua mlima utaijuaje klachi?" husema. Ukilalamika jua ni kali, anakwambia ukajifunze baiskeli.

Matembezi hayo ndiyo shule yetu ya historia. Huanzia maktaba, ambayo zamani ilikuwa ghala la kufungashia machungwa. Mbao za dari bado zina mihuri ya wenye mashamba. Kutoka hapo anaufuata mfereji. Kabla yake huku kulikuwa na mawe na miiba tu, mpaka watu wa kwanza walipoyashusha maji kutoka korongoni kwa majembe. Maji yalipokata kona, njia ikakata kona, na barabara ikafuata. "Msilaumu barabara, laumuni maji." Baadaye ugonjwa ukaua michungwa, mashamba yakakatwa viwanja, wakaja makarani, manesi na mafundi, kila mmoja akajenga nyumba yake ndogo yenye ukuta wa mawe. Juu kabisa, lami inapoishia, kuna kijia kinachoingia korongoni hadi kwenye maporomoko ya maji. Si makubwa, lakini Jumapili hupati jiwe la kukalia. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabla ya kijia hicho.

Na nyumba hiyo ilikuwa inatuponyoka. Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kule juu, na gari aliloacha baba hajui kuliendesha. Duka liko chini, zahanati iko chini, na mimi naishi chini na zamu zangu za bekari. Kaka yangu, anayeishi jijini kwenye tambarare, akapata jibu haraka kama kawaida yake: mama ahamie kwake, nyumba iuzwe. Dalali akaleta mnunuzi. Mama hakubishana, alianza tu kugawa vyungu vyake vya maua kwa majirani. Hilo liliniuma kuliko kama angelia. Nikaenda kwa shangazi.

Lazima niseme la ndani: shangazi na mama waliheshimiana kwa mbali. Baba alikuwa amemkataza dada yake kumfundisha mkewe. "Mke wangu nitamwendesha mwenyewe," alikuwa akisema huku akicheka, na neno hilo lilimkaa shangazi kooni miaka yote. Nilimpenda sana baba, Mungu amrehemu, lakini hapo alichemsha.

Shangazi alipanda siku hiyohiyo.

"Wifi, vaa viatu vya kutembea."

"Nikatembee wapi? Mji huu naishi tangu nilipoolewa. Utanionesha nini?"

"Umeuona kupitia dirisha la gari. Vaa viatu."

Mafunzo yenyewe yalikuwa vita. Gari linazima, shangazi anajipiga paji la uso.

"Taratibu! Hiyo ni klachi, si kichwa cha nyoka!"

"Na mimi si mtoto wako!"

"Ungekuwa mtoto wangu ungeshajua!"

Wakishuka hawasemezani, na kesho yake wanaanza upya. Majirani walitoa viti nje wakawa wanatazama. Siku mama alipoliondoa gari kwenye mteremko wa mbele ya shule bila kurudi nyuma hata kidogo, walipiga makofi, na shangazi akageukia dirisha akidai ameingiwa na vumbi jichoni.

Mtihani wa kwanza wa leseni alianguka. Wa pili alisimamiwa na kijana wa bondeni, na ulimalizikia kwenye uwanja wa ofisi yao ya leseni, tambarare kama meza. Mama akakata usukani kuelekea ukingo, akavuta breki ya mkono, akazima gari likiwa kwenye gia, kisha akashuka, akatoa jiwe kwenye buti na kulisukumiza nyuma ya tairi. Ndivyo sote tunavyoegesha, popote tulipo. Wa kwetu utamjua ugenini kwa jiwe lake.

"Mama, hapa pako sawa kabisa," yule kijana akasema.

"Leo, mwanangu. Ya kesho siyajui."

Akampitisha huku akicheka peke yake.

Nilimpigia kaka simu nikiwa narukaruka. Akasema, "Mpe hongera. Lakini leseni ni karatasi tu, mdogo wangu. Nimeshakodi pikapu ya kubeba vyombo. Nakuja Jumamosi."

Jumamosi tukawa getini, mama, shangazi na mimi. Pikapu tuliisikia kabla ya kuiona. Kaka amezoea magari yanayojibadilishia gia yenyewe, kwa hiyo kwenye kilima cha mwisho ikamzimikia. Akawasha, ikazima tena. Mara ya tatu ikarudi nyuma mpaka ikauegemea ukuta wa jirani. Kaka akatoa kichwa nje, jasho linamtiririka, mtu mzima mwenye ofisi yake. Shangazi akapiga hatua, mama akamshika mkono.

"Muache, wifi. Huyu ni wangu."

Aliteremka mpaka pale, akafungua mlango wa dereva.

"Sogea."

"Mama, hili gari ni zito, si kama..."

"Sogea, mwanangu."

Kaka akasogea. Injini ikaguna, ikatulia, na pikapu ikaanza kupanda polepole. Mama hakusimama getini. Alipitiliza hadi lami inapoishia, pale wageni wa maporomoko wanapogeuzia, akaigeuza, akarudi akaiegesha mbele ya nyumba ikitazama bondeni, nyuma haijapakiwa kitu.

Hawakushuka mara moja. Nilipofika dirishani nilimsikia kaka.

"Mimi naogopa, mama. Baba alifariki mimi sipo."

"Najua. Hata mimi naogopa," mama akajibu, mikono bado iko kwenye usukani. "Ila nataka niogope nikiwa kwangu. Kile chumba ulichonitengenezea usikivunje. Nitakuja nilale siku mbili, halafu nirudi."

Kaka alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akatoa simu, akampigia dalali palepale. Tulimsikia dalali akipandisha sauti kwamba mnunuzi yuko tayari, kwamba tumeshakubaliana, sasa kumetokea nini. Kaka akamtazama mama.

"Mwenye nyumba yupo," akasema. "Hauzi."