Maji ya Anemoni Yamemwagwa, Mume Wangu Bado Anahesabu Miezi

Admin, nifiche jina, huku Bunda tunajuana mno. Nina miaka 38, naishi Nyasura na mume wangu ambaye anaumwa kansa ya ini. Madaktari wameshanyoosha mikono, wametuambia tukae naye nyumbani tu.

Huyu mwanaume alifanyaga kazi kisiwa cha Mafia miaka mingi, akipeleka wageni kuzamia. Kuna kiumbe cha baharini kinaitwa anemoni, ukikiona utasema ua, kumbe ni mnyama. Alikuwaga anakisimulia mpaka namwambia ungekioa hicho. Alipougua akasema anatamani kukiona tena. Safari ya pwani haiwezi, nikasema basi bahari itakuja Nyasura.

Nikanunua tanki la kioo, nikafunga taa ya tyubu nyeupe kama ya dukani. Nilipompigia muuzaji wa viumbe vya baharini huko Dar akacheka, akasema anemoni analishwa na mwanga kama mahindi yanavyolishwa na jua, kwenye tyubu hiyo atapauka, asinyae, afe. Nikaagiza taa ya LED yenye bluu na nyeupe, ikaja na basi. Nikajifunza kuchanganya chumvi maalumu na kufunika mdomo wa pampu ya kuzungusha maji kwa sponji, maana anemoni anatembea na anaweza kunyonywa humo. Lakini muuzaji alikazia jambo moja: maji na mawe vikae miezi sita vipate vijidudu vizuri, ukimtia mapema anakufa.

Miezi sita! Mume wangu akasema atasubiri. Kila asubuhi ananiuliza tumefika mwezi wa ngapi, namjibu, anatabasamu, ndipo anakubali uji.

Mwezi wa nne wa kusubiri akazidiwa, tukalazwa Musoma siku nne. Mama mkwe alitoka Kisorya kutulindia nyumba. Mama yule ana moyo mzuri, kukaa bure hawezi. Akaona mawe yana utelezi, kioo kina rangi ya kahawia. Akamwaga maji yote, akasugua mawe kwa sabuni ya unga na stilwaya, akajaza maji ya bomba. Nilipofika na kuona tanki linang'aa nikamuuliza maji yangu ya chumvi yako wapi. Akanishangaa:

"Mwanangu, samaki ukimtia chumvi si anakuwa kayabo?"

Ningemgombeza vipi? Amekua akikausha sangara kwa chumvi, ndio hao kayabo, na mgonjwa ni mwanawe wa kumzaa. Nilipomweleza alilia kuliko mimi. Tukakubaliana tunyamaze. Nikanunua mawe mengine, nikachanganya chumvi upya, nikaanza mwezi wa kwanza peke yangu; mume wangu alirudi hoi, hakugundua.

Hiyo ni wiki tano zilizopita. Mume wangu amebaki mifupa na macho ya njano. Juzi akauliza kama kawaida. Nikamjibu, "Wa tano unaisha."

Akanishika mkono, akasema, "Basi bado mmoja. Huo nitaufikisha, mke wangu."

Jamani, nilienda jikoni nikajifanya napepeta mchele. Nimekuwa mwongo wa mgonjwa, tena mwongo anayeaminiwa. Kwa hesabu ya kweli imebaki karibu miezi mitano, na mimi ninayemwogesha najua haipo.

Jana muuzaji amepiga, anemoni amepatikana, nikitaka atamtuma kwa ndege mpaka Mwanza. Nikamweleza hali ya maji, akasema labda wiki moja, labda pungufu, ataanza kuyeyuka na kunuka. Mume wangu amewaona hao viumbe miaka mingi. Akimwona anasinyaa atajua maji ni machanga, atajua nilimdanganya, na atakuwa ameangalia kitu kinakufa pembeni ya kitanda chake. Nikimwambia ukweli leo, namnyang'anya huo mwezi mmoja anaoushikilia. Nikiendelea kunyamaza, atakufa akitazama mawe matupu yamemulikwa na taa nzuri.

Mama mkwe anasema nimlete tu huyo anemoni. Mimi nimechoka hata kuamua. Mliowahi kuuguza mtu asiyepona, nisaidieni mawazo, matusi wekeni pembeni. Kesho asubuhi ataniuliza tena, nimjibu nini?