Mzabibu Haujui Kwamba Tumehama

Nikodemu alikuwa Kangle, mtaa wa maduka ya vitambaa mjini Guangzhou, akichagua majora ya vitambaa vya kupeleka Dar, pale mwenye duka alipompa simu. Alikuwa mkewe, Xiuqin. Alisema maneno mawili tu: "Baba amekwenda."

Nikodemu akaketi juu ya jora. Kilichomjia kwanza hakikuwa sala, bali uongo aliousema Jumanne hospitalini. Mkwewe, Mzee Sun, alimuuliza, "Umeshaufunika?" Naye akajibu, "Ndiyo, baba." Mzabibu ulikuwa bado wazi juu ya paa, na Novemba ya 1998 ilikuwa inakatika.

Mzee Sun alizaliwa kaskazini, kwenye shamba la mizabibu lililopandwa na babu wa baba yake. Huko baridi hupasua mawe. Kila Novemba waliilaza mizabibu chini mmoja mmoja, wakaifukia kama maiti. Aprili waliifukua, hai. Mwaka mmoja wakaamriwa na serikali walime nafaka. Baba yake aliikata mizabibu usawa wa ardhi, akapanda mtama juu yake. Mtama ulipofika kiunoni, katikati yake yakachomoza majani ya mzabibu, mstari kwa mstari, hadi mwisho wa shamba. Nikodemu, mtoto wa misheni ya Dodoma, alisisimka mwili aliposimuliwa hayo, kana kwamba hajawahi kusomewa habari ya Pasaka.

Mzee alipohamia Guangzhou kwa bintiye, alikuja na kipande cha mzabibu huo, akakipanda paani ndani ya sanduku refu la mbao. Kila Novemba aliufukia. Nikodemu alicheka. "Baba, hapa hakuna theluji."

"Mzabibu haujui kwamba tumehama," mzee alijibu. Kisha akamtania kwamba zabibu za Dodoma hazifukiwi, ndiyo maana hazina adabu.

Alasiri ile, baada ya simu ya Xiuqin, Nikodemu alipanda paani. Aliufungua mzabibu kutoka kwenye fito, akaulaza taratibu, akaufunika udongo kwa mikono yake, huku akimwomba Mungu msamaha.

Siku ya tatu walimuaga. Huku maiti huchomwa, na hilo lilimuuma Nikodemu. Kwao mtu hurudishwa udongoni. Wote waliinama mara tatu. Nikodemu akasogea karibu na jeneza, kucha zake bado zina udongo, akasema kwa Kichina chake cha sokoni, "Baba, sasa nimeufunika."

Akafanya ishara ya msalaba. Xiuqin akamshika mkono. Mlango wa tanuri ukafungwa, wakatoka nje kusubiri majivu.