Mwanamke Aliyeitwa Fasola

Kwa miaka thelathini na mitatu Corliss Faulk alifundisha historia na fasihi ya Marekani katika sekondari moja ya upande wa magharibi wa Dayton, Ohio, na kwa miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akiimba hata wimbo wa taifa. Wenzake wakisimama na mkono kifuani wakiimba, yeye mkono aliuweka, mdomo akaufumba. Watoto walisema ana sauti ya chura na anajijua. Hawakukosea kuhusu sauti, lakini sababu haikuwa hiyo.

Sababu ilikuwa mwanamke.

Baba yake, Amzi Faulk, alitoka Alabama kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha majokofu, akamwoa Maudell, msichana wa hapo hapo Dayton, ambaye kwao waliwahesabu watu wa Kusini kuwa washamba tu. Jioni Amzi ndiye aliyeosha vyombo, na aliipenda kazi hiyo, wanaume wasemavyo na waseme. Alimpandisha binti yake juu ya stuli amfutie sahani, kisha akaanza kuimba. Na kila wimbo, kabla hajafika kwenye maneno yake, alimtaja kwanza mtu. Fasola. Fasola huku, Fasola kule, mara Lasola, mara Famila, kama mtu anayembembeleza mpenzi kwa majina ya faragha. Aliyewahi kukaa kwenye kwaya huenda ameshatabasamu. Namwomba avumilie, maana Maudell hakuwahi kukaa kwenye kwaya yoyote.

Kila Julai Amzi alichukua likizo ya wiki moja, akakunja suti yake nzuri, akaenda kwao Alabama. Mkewe hakualikwa, au alialikwa akakataa. Hilo kila mmoja alilisimulia kivyake. Lakini suti aliiona. Mtu hachukui suti nzuri kwenda kuwasalimia shangazi zake. Julai ya mwaka sitini na sita, Corliss akiwa na miaka sita, Maudell alisimama mlangoni akamwambia mumewe, "Nenda kwa huyo Fasola wako. Na ukifika kaa huko huko, usirudi." Amzi alikwenda. Hakurudi.

Redio alipewa jirani wiki ile ile. "Nyumba hii imeshaimbiwa ya kutosha," alisema Maudell, na ndivyo ilivyokuwa. Corliss alikua bila muziki, lakini na Fasola alikua naye. Alimpa kofia nyekundu na jino la dhahabu. Alimchukia kwa moyo wote, na usiku mwingine alitamani kumwona, jambo ambalo lilimtia aibu mpaka ukubwani, kwa sababu alipo Fasola ndipo alipo baba. Alipokuwa mwalimu, kila mkutano wa walimu ulipompeleka Atlanta au Birmingham, jambo la kwanza hotelini lilikuwa kufungua kitabu cha simu. Alitafuta kwenye F, akatafuta kwenye S. Mara moja alimpata mtu aitwaye Solano, akampigia. Alikuwa daktari wa meno, akamjibu kwa adabu kabisa kwamba hajawahi kumwiba baba wa mtu.

Darasani alisifika kwa somo moja: miaka ile ya watu weusi kuhama Kusini kuja Kaskazini. Alilifundisha kwa barua za wahamiaji, kwa ratiba za treni, kwa mashairi ya vijana walioikumbuka harufu ya udongo wa kwao wakiwa ghorofa ya tano. Watoto wagumu walilisikiliza. Mwishoni aliwauliza swali ambalo halikuwamo kwenye mtihani wowote. "Na waliorudi je? Mtu aliyekuja, akapata kazi, akapata mke na mtoto, kwa nini arudi?" Watoto walitazama saa ya ukutani. Walidhani ni swali la historia.

Ilikuwa imebaki miaka miwili astaafu pale mwalimu wa muziki alipoondoka na shule isiajiri mwingine. Mkuu wa shule, Bwana Kessler, alimwita ofisini akamweleza kwamba historia, fasihi na muziki wa Marekani sasa vitakuwa somo moja, na somo hilo ni lake.

"Mimi na muziki hatusalimiani," alisema Corliss.

"Mtasalimiana Septemba," alisema Bwana Kessler, akarudi kwenye makaratasi yake.

Hakujua aanzie wapi, akaanza kama waanzavyo walimu wasiojua: akawapa watoto kazi. Kila mmoja alete wimbo wa nyumbani kwao ambao haumo kwenye kitabu cha darasa. Walileta vya kila namna. Mmoja alileta tangazo la duka la magodoro. Kisha Tamia Hobdy, msichana wa kiti cha nyuma ambaye kwa kawaida husema kwa mabega tu, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, wimbo wangu ni bibi."

"Wimbo unaitwa Bibi?"

"Hapana, ni bibi mwenyewe. Bila yeye wimbo haupo. Nimlete?"

"Mlete."

Bi Zerline Hobdy alikuja Alhamisi, na mkoba mkubwa na kitabu kipana kilichochakaa pembe. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na alikuwa amehamia Dayton miaka minne tu iliyopita kuishi na binti yake. Kabla ya kusalimia alilitazama darasa akatikisa kichwa. "Hizi meza nani kazipanga hivi? Zisukumeni. Nataka mraba, pande nne, watu watazamane. Sisi hatuwaimbii watu, tunaimbiana." Watoto wakanung'unika, wakasukuma. Corliss alikaa pembeni na daftari la mahudhurio.

Bibi alichukua chaki akachora maumbo manne. "Hizi ndizo noti zetu. Pembetatu, fa. Duara, sol. Mraba, la. Almasi, mi. Basi."

"Do na re ziko wapi?" aliuliza kijana mmoja.

"Hizo ziliwakimbilia nyie wa Kaskazini. Sisi tumebaki na nne, na hatujawahi kulala njaa." Watoto wakacheka. "Sasa sikilizeni. Wimbo hauanzi na maneno. Kwanza tunaimba majina ya noti, wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, kila mtu aishike njia yake. Maneno baadaye. Ndiyo maana kwetu wakiuliza, mnakwenda wapi na suti Julai yote hii, na jua hili? Tunasema, tunakwenda kuimba fasola."

Aliinua mkono, akaushusha, akaimba.

Corliss alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajajua kinatoka, kikubwa na cha ovyo, darasa zima likageuka. Kisha hakikuwa kicheko tena. Alifunika uso kwa daftari la mahudhurio na mabega yakamtetemeka, na watoto wale, ambao wangeweza kumcheka mwalimu akianguka ngazi, waligeuka wakatazama ubao. Bi Zerline hakuacha. Aliimba mpaka mwisho, noti zote, ndipo akatua.

Kengele ilipolia na watoto walipotoka, Corliss alibaki amekaa. "Hilo neno," alisema. "Si mtu?"

"Mtu gani tena, mwanangu?"

"Baba yangu alikuwa akiimba hivyo. Alitoka wilaya ya Dale, Alabama. Amzi Faulk."

Bi Zerline aliuweka mkoba chini. "Amzi wa besi? Mrefu, sikio moja limekaa juu kuliko jingine?"

Corliss alishika sikio lake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia lilikotoka.

"Tulimzika mwaka tisini na moja," alisema bibi kwa sauti ya chini. "Pole, binti yangu. Nilidhani unajua. Kila mkusanyiko wa Julai yule mzee alizunguka kwenye magari yenye namba za Ohio, akiuliza kama kuna aliyemwona mfutaji wake wa sahani. Tulidhani anatania. Kumbe ni wewe."

"Na mke? Alioa mke mwingine?"

"Amzi? Amzi alikufa na sufuria moja na kikombe kimoja. Tulimsema sana, rudi kwa familia yako, mtu mzima wewe. Alikuwa na jibu lake moja. 'Nimeambiwa nisirudi. Nangoja niitwe.'"

Siku mbili Corliss hakulala vizuri. Miaka hamsini na miwili alikuwa ametaka kitu kimoja, kujua aliachwa kwa ajili ya nani, na jibu lilikuwa kwamba hakuachwa kwa ajili ya mtu. Alipaswa kufurahi. Alimtamani baba yake sasa kuliko alipokuwa mtoto, kwa sababu zamani alimtamani kwa hasira na hasira humsaidia mtu kuinuka asubuhi. Na palikuwa na mama. Maudell alikuwa na miaka themanini na miwili, na chuki yake kwa Fasola ilikuwa imemweka wima muda wote huo. Kumwondolea leo, amshikize nini? Corliss aliamua kutosema. Alilirudia hilo garini njia nzima Jumamosi.

Alimkuta mama yake mezani jikoni, anavunja maharage mabichi na kuyatia bakulini. Akakaa, akachukua konzi moja, akavunja matatu, kisha akasema, "Mama, nimempata Fasola."

Mikono ya Maudell ilisimama. "Yuko hai?" Na kabla hajajibiwa, "Alikuwa mzuri?"

Lilikuwa swali la msichana, na sauti yenyewe ya msichana, na Corliss akashindwa kudanganya. "Hakuwa mtu, Mama. Ni noti. Kwao wanaimba majina ya noti kwanza, fa, sol, la, ndipo wanatia maneno."

Alingoja kilio, au kukana. Maudell aliangalia harage alilolishika.

"Alisema hivyo," akasema.

"Nani alisema?"

"Baba yako. Aliniambia mara tatu, nne. Ni noti, Maudell, ni noti tu. Nikamwambia, mwanaume gani anamwimbia mtoto noti? Niliona ananifanya mjinga, mimi niliyemaliza sekondari, yeye aliyeishia darasa la sita. Nilimwona ametafuta uongo wa kishamba."

"Ukamfukuza."

"Nilikuwa na hasira, Corliss. Ilikuwa hasira ya wiki moja. Ya kumngoja arudi na zawadi."

"Mama, alikuwa anangoja umwite. Mpaka alipokufa mwaka tisini na moja, aliwaambia watu anangoja kuitwa."

Maudell hakulia. Alivunja harage, akalitia bakulini, akachukua jingine. "Na mimi namngoja arudi," alisema. "Nilijua mtu haitwi nyumbani kwake. Kila Julai, yote, niliuacha mlango wa nyuma bila kufunga. Nilijua ataona haya kupita wa mbele."

Corliss aliukumbuka mlango ule vizuri. Aliukumbuka tangu akiwa na miaka saba mpaka alipokwenda chuo, anashuka ngazi pekupeku kila usiku wa Julai, anaukuta wazi, anamhurumia mama yake kwa kuchoka mpaka kusahau, kisha anasukuma komeo kwa mikono miwili mpaka lishike.