Mzee wa Kwenye Santuri

Mtaani wanamwita Tulia, na wengi hawajui kama ana jina jingine. Mimi namwita Baba mkubwa, kwa kuwa ni kaka wa baba yangu. Duka lake ni chumba kimoja chembamba, kimebanwa kati ya kinyozi na ukuta wa stoo ya rangi. Anatengeneza vitu ambavyo watu wengine wangekuwa wameshavitupa: pasi, feni, redio, spika zilizopasuka. Pasi ndizo zinazomlisha. Santuri ndizo zinazomfanya afungue duka mapema.

Jina la Tulia lilitokana na kiti. Ni kiti cha mbao chenye mto ulioshonwa kwa kitambaa cha pazia, na kipo mbele ya gramafoni yake ya umeme. Ukikubali kukikalia, Baba mkubwa anakupokonya kwanza chochote ulichoshika, iwe simu, kikapu, hata mtoto. Anakugeuza mgongo uelekee barabarani. Anasema, "Tulia," halafu anashusha sindano taratibu kama mtu anayeweka yai juu ya meza. Baada ya hapo yeye hasikilizi. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kukuangalia uso.

"Wimbo unausikia kwa mara ya kwanza mara moja tu," aliwahi kuniambia. "Ukipita wakati unajikuna, basi, umeenda."

Santuri anazo rafu nzima, lakini ya kuwasikilizisha watu ilikuwa ni ile ile moja. Ni kubwa, nyeusi, na karatasi yake ya katikati ilishabanduka, kwa hiyo hakuna aliyejua jina la wimbo wala la mwimbaji. Aliikuta ndani ya kasha la redio mbovu aliyoinunua ili atoe vipuri, mwaka ule ule aliooa. Ndani yake mlikuwa na gita moja na sauti ya mzee. Maneno yalikuwa ya lugha ambayo hapa kwetu haisemwi. Sauti ilikuwa nzito na ya pole, ikitokea chini sana, kiasi kwamba kabla hujaisikia vizuri masikioni ulikuwa umeshaisikia kwenye mbao za kiti.

Watu waliduwaa kweli. Msoma mita alikaa dakika nne, akainuka, akashukuru, akaenda zake bila kusoma mita. Mwezi uliofuata alirudi na mwenzake. Mama mmoja aliyeleta pasi alijishika shavu, machozi yakamtoka, kisha akasema hajui analia nini. Kinyozi alikuwa amesikiliza kupitia ukutani mara nyingi mno mpaka akamtungia yule mzee maisha kamili: alikuwa mnene, alikuwa na wake watatu, na huo wimbo aliuimba siku wa tatu alipomkimbia.

Baba mkubwa hakuandika popote, ila nyuso zote alizikumbuka. Fulani aliacha mdomo wazi, fulani alifumba jicho moja, fulani masikio yalimsogea nyuma kama ya paka.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni yule anayelala naye kitanda kimoja.

Mama mkubwa ni mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa sauti kubwa na hatua za haraka, ambaye huimba jikoni kutwa nzima na huwa hakosei. Alikuwa amekalishwa kwenye kile kiti mara nne katika miaka ishirini na miwili.

"Huyo mzee amelazimishwa kuimba," alisema mara ya kwanza. "Msikilize. Ni kama mtu anayesukuma kabati."

Mara ya nne alisinzia.

"Nilikuwa nimechoka," alijitetea.

"Ulikoroma."

"Basi nilikuwa namwitikia."

Baba mkubwa alicheka, lakini mimi nilijua kwamba jambo hilo lilimkaa moyoni. Watu wasiomhusu walikuwa wanalia dukani kwake, na yule ambaye angetoa kila kitu amwone ametulizwa na kitu alichokipenda yeye, hakutulia. Mwaka huu jambo hilo likawa na haraka. Sindano ya gramafoni ilianza kuisha. Aliitazama kwa kioo cha kukuza, akaiweka chini kama daktari mwenye habari asiyoitaka.

"Hizi hazitengenezwi tena," akaniambia. "Nimetafuta kote. Imebaki mara kumi. Labda tano."

"Utazitumiaje?"

"Moja ni ya mama yako mkubwa. Hizo nyingine tutaona."

Mama mkubwa alikubali kukaa kwa mara ya tano kwa sharti moja tu: redio mbovu zilizo chini ya kitanda ziondoke.

"Zote kumi na moja," alisema.

"Tisa. Mbili zina uhai."

"Kumi na moja, mume wangu, au huyo mzee ataimba peke yake."

Baba mkubwa akazibeba kwa toroli, safari tatu, huku kinyozi akimpa pole kama mtu aliyefiwa.

Jumamosi saa kumi Mama mkubwa aliingia dukani akiwa na kitambaa cha kufutia. Mimi nilikuwa pembeni na kitabu changu, mahali ninapokaa kila ninaporudi likizo.

"Mimi siketi kwenye vumbi," alitangaza.

Wakati Baba mkubwa yuko mlangoni akimwomba kinyozi azime redio yake, Mama mkubwa alifuta kiti, akafuta meza, akafuta gramafoni juu na ubavuni, kila kitufe na kila pembe, kama anavyofuta masufuria ya shule. Baba mkubwa alirudi, akampokonya mkoba. Kitambaa alikisahau mkononi mwa mkewe. Akamgeuza, akasema neno lake, akashusha sindano.

Gita lililokuwa likijikokota miaka yote lilianza kutembea. Halafu juu yake akaja msichana.

Sijui niseme vipi. Alikuwa anaimba karibu kabisa na kipaza sauti, kama anayempa mtu habari nzuri huku akijizuia kucheka. Kila alipofika mahali fulani sauti ilipanda na kubaki juu peke yake, gita limenyamaza, na ukawa hujui atashukaje. Kisha akashuka, bila haraka, mahali ambapo hukumtegemea.

Baba mkubwa aliruka kutoka kwenye ndoo.

"Imekufa," alisema. "Mota imepagawa." Akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akaanza kushika waya mmoja mmoja. "Naizima. Usisikilize, mke wangu, hii siyo yenyewe."

"Iache."

"Mashine inaungua."

"Iache iungue."

Alilisema hilo kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Alikuwa ameanza kukunja kile kitambaa na hakukimaliza. Kilibaki hewani, kimekunjwa nusu. Midomo yake iliachana kidogo. Msichana alipopanda mara ya pili, Mama mkubwa aliinua kidevu naye, kama mtu anayemfuata mwenzake kwenye ngazi. Macho yalimlowa na hakuyafuta. Chini ya meza zilionekana soli mbili za viatu vya Baba mkubwa, na mara moja moja ilisikika sauti yake ikimlaumu mtu aliyevumbua mota.

Wimbo uliisha. Mlangoni alisimama kinyozi, mashine ya kunyolea mkononi, na nyuma yake mteja wake, shuka begani, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Huyo nani?" kinyozi aliuliza.

Baba mkubwa alitoka chini, magoti yamejaa vumbi, akaikagua gramafoni. Mkono wake ulisimama kwenye swichi ya mwendo. Kitambaa cha Mama mkubwa kilikuwa kimeisogeza.

Santuri kubwa huzunguka mara thelathini na tatu kwa dakika, ndogo mara arobaini na tano. Fundi yeyote anajua hivyo, wala haangalii mara mbili. Ila ziko kubwa chache zilizotengenezwa kwa mwendo wa zile ndogo, na hilo huandikwa kwenye karatasi ya katikati. Yake haikuwa na karatasi, na miaka yote aliipiga polepole mno, sauti ikawa nzito. Akarudisha swichi, akashusha sindano kidogo: mzee. Akaisogeza tena swichi: msichana. Mzee. Msichana.

"Kumbe mzee wetu ni binti," alisema kinyozi.

"Nyamaza."

"Miaka ishirini na miwili, fundi, binti wa watu unamkanyagia breki."

"Wewe ndiye uliyesema ni mnene. Na wake watatu."

"Mimi nilisema nilichosikia. Aliyeniuzia mzee ni wewe."

Hata mteja mwenye nusu ya nywele alicheka. Baba mkubwa hakucheka. Alikaa juu ya ndoo na kuibana mikono yake katikati ya magoti.

"Yule mama wa pasi," alisema. "Alilia. Nimemliza kwa mtu ambaye hayupo."

"Alilia mwenyewe," Mama mkubwa akamjibu. "Au ulimfinya?"

Akamtazama mkewe, kama aliyekumbuka sasa hivi kwa nini wako pale.

"Na wewe? Umesikiaje?"

"Ningesikia zaidi kama kusingekuwa na mtu anatambaa chini ya miguu yangu." Kisha akaongeza, taratibu, "Nimesikia, baba. Nimesikia."

Baba mkubwa alinigeukia. "Uso wake uliuona?"

"Niliuona."

"Ulikuwaje?"

"Usimwambie," alisema Mama mkubwa, na sasa alikuwa anafuta macho kwa kile kitambaa cha vumbi.

Nikarudi kwenye kitabu changu. Baba mkubwa akaduwaa. Kitu alichokingoja tangu mwaka aliooa kilikuwa kimepita nyuma ya mgongo wake, yeye ameshika waya. Wala kisingerudi, kwa sheria yake mwenyewe: huyu sasa ameshausikia.

Mama mkubwa alimwangalia kwa muda, halafu akaiangalia santuri.

"Hiyo kitu ina upande mmoja tu?"

"Wa pili niliujaribu siku ile ile niliyoiokota," alisema Baba mkubwa. "Ni ovyo. Ni kama mlevi anaburura meza..." Akakoma.

Kinyozi akaleta ndoo ya maji kutoka chumbani kwake, akaimwaga, akaipindua, akakaa mlangoni. Mteja akakaa kwenye kizingiti. Baba mkubwa aliigeuza santuri kwa ncha za vidole, akaipuliza, akahakikisha swichi mara tatu. Ndoo yake aliisogeza mpaka ikagusana na kiti, akakaa akimwelekea mkewe. Safari hii hakuna kitakachompita.

Sindano ikashuka. Walikuwa wawili, yule msichana na mwanamke mwingine mwenye sauti pana zaidi, na walikuwa wanapokezana kama watu wanaomenya kitu katika sinia moja. Katikati mmoja wao alikosea, ukasikia kicheko kilichomezwa, na wimbo ukaendelea kukimbilia mbele ukiwa na furaha zaidi kwa sababu ya kosa lile.

Kwa muda mfupi Baba mkubwa alimkodolea mkewe macho kama alivyokusudia. Halafu shingo yake ikalegea upande mmoja. Macho yake yakahama, yakaenda mahali fulani juu ya rafu, yakabaki huko. Mama mkubwa ndiye aliyegeuka kwenye kiti. Alikunja mikono, akamtazama bila kupepesa mpaka mwisho, na tabasamu lake likawa linapanuka pole pole.

Sindano ikainuka. Baba mkubwa alirudi kutoka huko alikokwenda, akamkuta mkewe anamwangalia.

"Uso wangu ulikuwaje?" aliuliza, kwa woga kidogo.

"Kama wa mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa," alisema Mama mkubwa, naye Baba mkubwa akacheka mpaka ndoo ikateleza chini yake.